Rangi ya chini ya boti inabanduka kila mwaka: kosa liko wapi?

*"Nina boti ya faiba ya mita 7 na nusu, niliinunua ikiwa imeshatumika. Inalala majini mwaka mzima hapa Mafia, nabeba wageni na mara mojamoja mizigo. Kila mwaka fundi huikwangua na kuipaka rangi ya chini, lakini haipiti miezi minne rangi inabanduka vipande vipande, na hata penye rangi magamba yanaota. Fundi wangu anasema rangi za siku hizi ni feki. Mwingine anataka tuikwangue yote kwa grainda mpaka faiba. Wa tatu ananishauri nichanganye rangi na dawa ya shambani. Tena mara ya mwisho niliona malengelenge madogo karibu na mkuku, uti wa chini wa boti. Nitaipandisha bamvua lijalo, maji makubwa yakija, na ni lazima irudi majini bamvua linalofuata. Nifanye nini ili mwakani nisianze upya?"*

Ndugu yangu, umeuliza kama swali moja, lakini boti yako ina matatizo matatu: rangi haishiki, rangi haizuii magamba, na kuna malengelenge. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Watu watatu wamekupa majibu matatu kwa sababu kila mmoja ameshika tatizo moja akadhani ndilo lote.

Kabla hujanunua chochote, fanya jambo moja. Siku boti ikipanda, bandua kipande cha rangi chenye ukubwa wa kiganja, kipindue, ukitazame mgongoni. Ukikuta mgongo ni laini, unang'aa, na bodi chini yake imebaki tupu, basi rangi haikuwahi kushika jelikoti, yaani lile ganda la nje la faiba. Pengine bodi haikupigwa msasa hapo mwanzo, au nta ya kiwandani iliachwa juu yake. Ukikuta mgongo una rangi ya mwaka wa nyuma, umekauka kama chaki na unaacha unga kidoleni, basi rangi mpya ilishika vizuri, ila ilishika kitu kilichokuwa kimeshakufa. Na ukiona ukungu mweupe unaosagika kama chumvi, ni chumvi kweli. Mara nyingi sana nimepata jibu hapo, hata kabla ya kufungua sanduku la vifaa.

Kwa ulivyoeleza, nadhani utakuta chaki. Ngoja nikueleze kwa nini.

Rangi ya chini, ile mafundi wanaita antifaulingi, kazi yake ni kutoa sumu polepole. Ndani yake kuna shaba, mara nyingi oksidi ya shaba yenye wekundu wa udongo. Maji ya bahari huiyeyusha kidogokidogo, na pale juu ya bodi kunakuwa na utando mwembamba wa maji ambao mabuu ya magamba hayaupendi. Bila huo, mambo huenda haraka. Ndani ya saa chache bakteria huanza kujenga ute, baada ya siku kadhaa huja mimea midogo, kisha yale mabuu hutua, huchagua mahali na kujigandisha kwa gundi ya ajabu. Umewahi kukwangua gamba ukaona limebaki duara jeupe bapa kwenye bodi? Hicho ni kitako chake, kimeganda na gundi ile. Ukipaka juu yake, umepaka juu ya kitu kitakachoachia.

Shaba ikishayeyuka, kinachobaki ni mifupa ya rangi: ganda lenye vishimo visivyoonekana kwa macho, jepesi, linalonyonya maji kama sifongo. Rangi ngumu hubaki hivyo juu ya bodi miaka na miaka. Fundi anakuja na skrepa, anaondoa kilicholegea, anapaka juu. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tano boti imevaa makoti matano, manne ya chini ni maiti. Koti jipya huongeza uzito, jua huipanua bodi, mawimbi huipinda, na lile ganda dhaifu kabisa katikati hukatika. Hapo unaona vipande vinadondoka na magamba yake.

Je, rangi feki zipo? Zipo, na inayopimwa katika vikopo visivyo na lebo usiiguse. Lakini kuna jambo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na linafanana sana na "rangi feki". Shaba ni nzito. Kopo likikaa dukani miezi, shaba yote hutuama chini, juu hubaki majimaji ya rangi nzuri tu. Fundi akifungua, akakoroga kidogo kwa kijiti, akaongeza thina iteleze, anapaka yale ya juu. Jioni anatupa kopo lenye tope zito chini. Sumu yote uliyolipia imebaki kwenye kopo! Kwa hiyo inua kopo kabla ya kununua. Kopo la rangi yenye shaba ya kutosha hulemea mkono kuliko la rangi ya nyumba la ujazo huohuo. Siku ya kazi, mimina majimaji ya juu kwenye ndoo safi, sugua tope la chini kwa bapa la mbao mpaka lilainike, rudisha majimaji kidogokidogo huku unakoroga. Kukoroga kusipungue dakika kumi. Na wakati wa kupaka, koroga tena kila mara.

Dawa ya shambani, nakuomba, hapana. Haikutengenezwa itoke polepole. Nyingi itamwagika baharini siku za mwanzo na kuharibu utando wa rangi wenyewe, halafu huna kinga. Anayepaka anaivuta puani na kuilowesha ngozini. Na wewe uko Mafia, penye hifadhi ya bahari tangu 1995, unaishi kwa wageni wanaokuja kumwona papa potwe na matumbawe. Dunia ilishapita njia hii. Zamani rangi bora kuliko zote ilitiwa TBT, sumu ya bati. Kule Arcachon, Ufaransa, chaza wakaharibika magamba na mazao ya wafugaji yakaporomoka, na mwaka 1982 Ufaransa ikaizuia kwa boti zilizo chini ya mita 25. Mwaka 2001 ukapatikana mkataba wa kimataifa wa kuizuia kwa vyombo vyote, ukaanza kazi mwaka 2008. Mama zetu wanaookota kombe na chaza maji yakipwa wanaokota chakula cha watoto. Sumu tunayoimwaga ufukweni hurudi mezani.

Na grainda? Ganda la jelikoti lina unene wa kama nusu milimita tu. Grainda katika mkono wa haraka hulipita kwa sekunde moja, na hapo umeifungulia faiba mlango wa kunywa maji. Huyo fundi wa pili ana hoja kwamba makoti yaliyokufa yaondoke, ila kifaa chake sicho.

Sasa tuamue kama ni yote au sehemu. Chukua kisu kikali, mahali panapoonekana pazima chora alama ya X mpaka ufike kwenye bodi. Bandika juu yake selotepu nzito, ile pana ya kufungia maboksi, isugue kwa kucha, kisha ivute kwa mara moja. Fanya hivyo sehemu sita au saba: omo (mbele), tezi (nyuma), pande zote mbili, karibu na mkuku. Selotepu ikitoka tupu, rangi ya hapo bado ina uhai. Ikitoka na pembe za X, imeshaachia. Kama sehemu nyingi zinabanduka, usijidanganye na viraka, ondoa yote. Kama ni sehemu moja mbili tu, ondoa zile zilizolegea, lainisha kingo kwa msasa mpaka kidole kisihisi ngazi, paka praima ya kati inayopendekezwa na watengenezaji wa rangi yako, kisha makoti mawili.

Kuondoa yote ni kazi ya jasho. Ianze boti ikiwa bado imelowa. Wengi huiacha ikauke kwanza wapumzike, na ni kosa kubwa, maana ute na magamba yakikauka juani hugeuka saruji. Maji yakiwa yanaihama, tayari uwe na skrepa mkononi. Ukishaigadimu vizuri isilalie ubavu, kwangua kwa skrepa yenye makali, uvute kuelekea kwako kwa kulaza, na uzungushe pembe zake kidogo kwa tupa zisichimbe. Dawa ya kulainisha rangi inatumika, lakini iwe iliyoandikwa kuwa ni salama kwa faiba. Dawa ya kawaida ya kubandua rangi za milango hula jelikoti. Kuchoma kwa moto, kama wazee walivyochoma mashua kwa makuti, sahau kabisa. Wao walikuwa wanaunguza wadudu wa mbao na deheni, ambayo ni shahamu na chokaa. Moshi wa rangi hizi za leo ni sumu ya mapafu.

Baada ya skrepa, msasa wa namba 80, na uwe msasa wa maji. Ukikwangua pakavu unapumua shaba. Vaa barakoa ya vumbi la kemikali, si kitambaa, na miwani na glovu. Tandaza turubai chini ya boti yote, kusanya tope na vipande kwenye mifuko kabla maji hayajajaa. Watoto wasisogee, chai isinywewe hapo, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Halafu inakuja hatua ambayo kila mtu anairuka, na mimi niliiruka nilipokuwa kijana. Nilipaka boti ya mtu baada ya kuiosha kwa maji ya bahari kwa sababu kisima kilikuwa mbali. Ilipendeza sana. Ilipopandishwa tena, rangi ilikuwa imejaa vipele, na kila kipele ukikitoboa kinatoa maji. Chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huvuta maji kupitia utando wenyewe, hata kama hauna tundu. Nililipa rangi ile kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo sijapaka boti bila maji baridi. Tafuta maji ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, hata kama ni kukodi mkokoteni wa madumu. Osha mara mbili, anzia juu ushuke. Ikikauka, pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka na weupe wa chumvi, osha tena.

Kama umefika kwenye jelikoti tupu, futa kwanza kwa thina ya kuondolea nta na vitambaa safi: kimoja cha kulowesha, kingine cha kufuta kabla haijakauka, na uvibadilishe mara kwa mara. Hii hufanywa *kabla* ya msasa wa mwisho. Ukianza na msasa unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo. Kisha jaribu kwa maji: rusha maji safi kwenye bodi. Yakisambaa kama shuka, bodi ni safi. Yakijikusanya matonematone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta au nta. Ndiyo maana nawakataza pia wanaopaka oili chafu ya injini "kuilinda" boti ikiwa pwani. Haizuii gamba hata moja, na bodi iliyoinywa oili inakataa rangi miaka.

Tuje kwenye malengelenge, na hapa nitakuomba uwe mvumilivu. Vaa miwani, toboa moja kwa ncha ya kisu huku uso umeugeuza, maana maji yake hutoka kwa kasi. Kama ni maji tu na lengelenge liko kwenye rangi, utaliondoa pamoja na rangi. Kama liko ndani ya jelikoti, majimaji yanateleza vidoleni na yana harufu ya siki, basi maji yameingia kwenye faiba na yanachanganyika na kemikali zake. Yakiwa machache, fungua kila moja kwa msasa mpaka ufike penye ugumu, osha kwa maji baridi siku kadhaa mfululizo, acha pakauke kabisa, jaza kwa puti ya epoksi, ile ya kuchanganya na dawa ya kugandisha. Puti ya magari isiende chini ya mstari wa maji hata kidogo. Inanyonya maji na italegea.

Hapo ndipo ratiba yako inaposumbua. Kutoka bamvua hadi bamvua una kama siku 14. Zinatosha kuondoa rangi, kuosha, praima na makoti mawili, ukiwa na watu wawili na jua. Hazitoshi kukausha faiba iliyokunywa maji, hiyo huhitaji wiki nyingi, pengine miezi. Kwa hiyo ukikuta harufu ya siki kwenye malengelenge zaidi ya machache, usiyafungie ndani kwa makoti ya epoksi. Utakuwa umefunga maji yasitoke. Fanya rangi ya kawaida safari hii, yapige picha, yahesabu, kisha panga kuipandisha boti kwa kipindi kirefu cha ukavu, Januari na Februari kwa mfano, au kati ya Juni na Septemba. Najua ni kipindi cha pesa kwako. Ila malengelenge hayaizamishi boti kwa mwaka mmoja, na kuyatibu nusunusu ni gharama mara mbili.

Kama bodi ni kavu na nzima, praima ya epoksi ndiyo itakayokuokoa na mzunguko huu. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, usiongeze dawa ya kugandisha ukidhani itakauka haraka, itakuwa dhaifu. Kwa joto letu changanya kidogokidogo, ndoo nzima hupata moto na kuganda ukiwa hujafika katikati. Na sikiliza hili, maana ndio ufunguo: koti la kwanza la rangi ya chini liende juu ya epoksi ambayo haijakauka sana. Bonyeza kidole gumba. Alama ya kidole ibaki kwenye praima, lakini kidole kitoke kisafi. Huo ndio muda wenyewe, na Pwani hauzidi saa chache. Ukiupita, epoksi imekuwa kioo, na itabidi uipige msasa wote upya.

Usipake asubuhi na mapema umande ukiwa bado kwenye bodi, hata kama huuoni. Gusa kwa mgongo wa mkono. Usipake pia jua la utosi, rola itakokota na rangi kukauka kabla haijatandaa. Fuata kivuli: asubuhi jua likishakausha, paka upande wa magharibi, alasiri hamia wa mashariki, uache mapema kabla unyevu wa jioni.

Kiasi cha rangi: jumlisha upana na kina cha boti majini, kisha zidisha kwa urefu wa mstari wa maji. Yako, tuseme mita 6.8 mara 2.7, ni kama mita 18 za mraba. Makoti mawili ni 36 au 37. Makopo mengi huandika mita 8 hadi 10 kwa lita, basi nunua lita 5, na zitakazobaki zirudie kwenye mstari wa maji, omo na kingo za mkuku, ambako rangi huisha kwanza. Zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya vyuma vya boti, usizipake kamwe. Na kwa wenye boti za alumini wanaosoma hapa, rangi ya oksidi ya shaba si yenu, itaitafuna bodi.

Aina gani? Boti yako inalala majini na inatembea mara kwa mara, hivyo ningechukua ile inayojimomonyoa. Inakwisha yenyewe, haiachi maiti za makoti. Ubaya wake ni kwamba ikiburuzwa mchangani hutoka, kwa hiyo kama unaegesha ufukweni kushusha wageni kila siku, chukua rangi ngumu, ukijua kwamba kila miaka michache utarudi kwenye skrepa. Wenye boti zinazovutwa pwani kila jioni, hawa hawahitaji rangi hii kabisa. Brashi na maji vinawatosha.

Itisha mtaalamu aje kwa miguu yake ukiona haya: ukigonga bodi kwa nyundo ndogo na sauti ikabadilika kutoka "ko" kali kuwa "bu" ya kuzibwa, ufa unaotoka kwenye mkuku au pale injini inaponing'inia, sehemu inayobonyea kwa kidole, au maji yanayoendelea kuchuruzika boti ikiwa imekaa pwani siku tatu. Hayo ni ya mwili wa chombo, na rangi yoyote utakayopaka juu itayaficha tu.

Soma kwenye kopo muda wa chini kabla ya kuishua na muda wa juu wa kukaa nje. Kisha bamvua la kwanza baada ya kuishua, maji yakipwa, shuka ukaitazame. Ute mwembamba wa kahawia ni kawaida, ufute kwa kitambaa laini, si brashi ya waya. Ukiona magamba yameanza mahali pamoja tu, niandikie ni wapi hasa, na kama unacho kile kipande cha kwanza ulichokibandua, kihifadhi. Nitakuuliza mgongo wake ulikuwaje.